Dawa Iondoayo Usingizi Huharibu Mwili

Katika sehemu za Kehancha kazi ya shamba haina saa. Wakati wa kukausha tumbaku, moto wa bandani huangaliwa usiku na mchana, naye mlinzi wa moto hutamani kitu cha kumwondolea usingizi. Chai ni desturi yetu. Lakini iko dawa nyingine iitwayo methamfetamini, au kwa kifupi meth, nayo yafaa kila mkulima aijue kabla haijafika mlangoni kwake.

Ni dawa gani?

Hutengenezwa kwa kemikali, ikawa unga mweupe au vipande ving'aavyo kama vigae vya kioo. Ilitengenezwa kwanza Japani mwaka 1893, na katika Vita Kuu ya Pili askari walipewa ili wasilale. Siku hizi huletwa Afrika Mashariki kwa magendo. Desemba 2023 serikali ya Tanzania ilikamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika Dar es Salaam na Iringa. Nasi tunakaa karibu na mpaka wa Tanzania.

Hufanya nini mwilini?

Mkulima ajua kwamba maksai akipigwa mjeledi atavuta plau hata akiwa amechoka. Mjeledi haukumpa chakula wala maji. Umetumia nguvu ya kesho. Dawa hii hufanya vivyo hivyo. Huulazimisha ubongo kumwaga kwa wingi kemikali iletayo furaha na nguvu. Mtu hakai wala halali, na hasikii njaa. Wakati huo moyo hupiga mbio, damu hupanda na mwili hupata joto kali. Moyo waweza kusimama, au mshipa wa ubongo ukapasuka, hata kwa kijana.

Dalili za kuangalia

Kwanza, mtu hukonda upesi. Pili, meno huoza na kuvunjika. Tatu, hujikuna hata apate vidonda, akidhani wadudu watambaa mwilini. Nne, husikia sauti zisizokuwapo na kuwashuku jamaa zake. Wengine husema amerogwa, kumbe ni dawa. Mama mjamzito aitumiaye aweza kuzaa kabla ya wakati, au kuzaa mtoto mdogo mno.

Yafaa kufanya nini?

Mtu akipandwa na wazimu huo asipigwe wala kufungwa kamba. Semeni naye kwa upole, ondoeni panga na jembe karibu naye, mkampeleke hospitali upesi. Akiacha dawa atalala sana, na moyo wake utakuwa mzito hata aweza kutaka kujiua. Asiachwe peke yake. Mashauri ya mara kwa mara ya wauguzi yamewasaidia wengi kupona. Shauri laweza pia kupatikana bila malipo kwa simu ya NACADA, namba 1192.

Na kazi ya bandani igawanywe kwa zamu. Watu wawili wakipokezana, kila mmoja atapata usingizi wake, na moto hautazimika.