Neno "Yes" si "Ndiyo" Siku Zote

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka mmoja, tuliketi nyuma ya darasa la tano tukimsikiliza mwanachuo wetu. Alimwuliza mtoto mmoja: "Didn't you bring your book?" Mtoto akajibu: "Yes, teacher." Akaamriwa akitoe kitabu, hakikuwapo. Akaitwa mwongo, akasimamishwa mpaka kipindi kikaisha. Kumbe mtoto yule alikuwa amesema kweli.

Kosa lilikuwa wapi? Katika Kiswahili, neno "ndiyo" huafiki usemi wa muulizaji. Tukiulizwa, "Hukuleta kitabu?" twajibu, "Ndiyo, sikuleta", yaani, usemavyo ni kweli. Neno "yes" halifanyi kazi hiyo. Lenyewe hufuata kitenzi cha jibu. Kitenzi kikiwa cha kukubali, twasema, "Yes, I did". Kikiwa cha kukanusha, twasema, "No, I didn't", hata swali liulizwe kwa namna gani.

Hapo kale Waingereza walikuwa na maneno manne. Swali la kawaida lilijibiwa kwa "yea" au "nay". Swali lenye kukanusha, kwa "yes" au "no". Mwaka 1532 Thomas More alimlaumu William Tyndale kwa kutumia "no" mahali pa "nay" katika tafsiri yake ya Agano Jipya. Siku hizi "yes" na "no" ndiyo yatumikayo kwa kawaida, nayo hubeba mzigo wa yote manne.

Mwalimu afanyeje? Kwanza, kwa wanaoanza, aulize maswali ya kukubali tu: "Did you bring your book?" Pili, asipokee "yes" au "no" pekee, adai jibu kamili, maana kitenzi ndicho kitakachofichua kosa. Tatu, wakishazoea, atumie vitu halisi. Aweke kalamu mezani, aulize: "Isn't there a pen on the table?" Jibu ni "Yes, there is." Kisha aiondoe na kuuliza swali lile lile, sasa jibu ni "No, there isn't." Watoto waulizane wawili wawili kwa mdomo kabla ya kuandika.

Zaidi ya hayo, mwalimu asiwe mwepesi wa kuadhibu. Kabla hatujamwita mtoto mwongo, hatuna budi kujiuliza amejibu kwa kanuni za lugha gani.