Mkuu ni Nani? Wazazi na Watoto Wazima katika Mchezo wa Kuigiza wa Kiswahili

Ugomvi wa wazazi na watoto waliokwisha kukua ni mojawapo ya mambo yaliyowashughulisha mapema watungaji wa michezo ya kuigiza ya Kiswahili baada ya Uhuru. Katika Wakati Ukuta wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tatu anashindana na mama yake kwa ajili ya Swai, kijana ampendaye, na kuolewa naye bila ya radhi ya nyumbani. Ndoa hiyo haidumu. Katika Hatia (1972), mchezo wa Penina Muhando, msichana aliyekwenda mjini anarejea kijijini kwa wazazi wake naye ana mimba. Aghalabu michezo ya namna hii huelezwa kuwa ni vita baina ya mambo ya kale na mambo ya kisasa. Maelezo hayo si ya uwongo, ila hayatoshi, na upungufu wake huonekana wazi mtu akiitazama michezo hiyo kutoka Kilosa.

Penina Muhando alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, wilayani Kilosa, katika nchi ya Wakaguru. Wakaguru hufuata ukoo wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mamaye. T. O. Beidelman, aliyeanza utafiti wake huko mwaka 1957, ameeleza jinsi mjomba, yaani bulai kwa Kikaguru, alivyokuwa na sauti katika mambo ya watoto wa dada yake, na jinsi baba naye alivyojitahidi kuwavutia watoto hao upande wake. Basi kijana wa Ukaguru hakukabiliwa na mamlaka moja. Akikatazwa na baba, aliweza kukimbilia kwa mjomba. Akibanwa na mjomba, aliweza kujikinga kwa baba.

Hapo ndipo lugha inapomtatiza mtungaji. Neno mjomba limo katika Kiswahili, lakini uzito wake si ule wa bulai. Pwani, ambako wali wa binti katika ndoa ya Kiislamu ni baba au jamaa wa upande wa baba, mjomba kwa ujomba wake hana mamlaka ya kuoza. Mwigizaji akisema jukwaani, "Mjomba amekataa," mtazamaji wa Kilwa husikia habari ya jamaa aliyenuna; mtazamaji wa Berega aweza kusikia hukumu.

Methali nazo zina tatizo hilohilo. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ni silaha ya mzazi katika ugomvi wa namna hii. Lakini methali haimtaji baba wala mama. Yasema mkuu tu, na kila msikilizaji humtia humo mkuu amjuaye. Hali kadhalika neno lakini. Mtoto aambiwapo "Keti!" naye akajibu "Lakini, baba...", neno hilo peke yake laweza kuhesabiwa kuwa ni ujeuri hata kabla hoja haijatajwa. Akisema "Lakini, baba, mjomba amesema...", sentensi imegeuka. Si mtoto tena anayempinga mkubwa. Ni mkubwa anayempinga mkubwa mwenziwe kwa kinywa cha mtoto.

Sheria ya nchi nayo ilimtazama baba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ilipotungwa, ilimtaka binti aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya baba. Baba akiwa amekufa, ya mama. Na wote wawili wakiwa wamekufa, ya mlezi. Mjomba hakutajwa kwa cheo chake. Aliyetimiza miaka 18 hakuhitaji idhini ya yeyote.

Kwa hiyo mwongozaji apelekaye mchezo wa namna hii Kilosa hana budi kuuliza kwanza: katika nyumba hii, mkuu ni nani? Akiwaweka jukwaani baba, mama na mtoto peke yao, ugomvi utaeleweka upesi, na mtoto ataonekana muasi. Akimwachia mjomba nafasi, hata kama hatoki mbele ya watazamaji, huenda mtoto yuleyule akaonekana kuwa mtiifu, ila utii wake ameuelekeza kwa mtu mwingine.