Maneno ya Mgodini (Sehemu ya Nne): Royalty si Loyalty

Bei ya dhahabu duniani ilipovuka dola 4,000 kwa wakia moja, Oktoba 2025, neno mrabaha lilirudi midomoni mwa watu katika ukanda wote wa madini, kutoka Geita hadi Kakola na Segese. Lilirudi na kosa lake la zamani. Anayetaka kuonekana anaijua sheria hulitaja kwa Kiingereza, na hapo "royalty" hugeuka "loyalty", yaani utii, kwa mdomo na hata kwa maandishi. Chanzo cha kosa hakina aibu. Kisukuma kinategemea sauti ya l, na Kiswahili cha kwetu kimeirithi tabia hiyo, ndiyo maana kila mwaka wa uchaguzi watani wetu hutukumbusha kwamba kura si kula. Lakini katika maneno haya mawili ya Kiingereza, herufi moja imebeba tofauti kati ya mwenye mali na mtii wake. Makinikia, aina za leseni na ushuru wa halmashauri tumekwisha kuvieleza katika sehemu tatu zilizopita, kwa hiyo sitavirudia.

Maneno haya yanafanana kwa sababu yalipita njia moja. Kilatini kilikuwa na "regalis", kitu cha mfalme, na "legalis", kitu cha sheria. Wafaransa wa kale waliyalainisha maneno hayo vinywani mwao, na Waingereza walipoyapokea yakawa "royal" na "loyal". Baadaye wasomi wa Uingereza waliyarudia tena kutoka Kilatini chenyewe, wakapata "regal" na "legal", kwa hiyo lugha hiyo ina jozi mbili, "royal" na "regal", "loyal" na "legal", kila jozi na shina lake. Aliye "loyal" hapo mwanzo alikuwa mtu anayeshika sheria na kutimiza ahadi aliyoweka kwa bwana wake. "Royalty" ilikuwa mamlaka ya mfalme, kisha ikawa haki zinazoambatana na mamlaka hayo, na mojawapo ya haki hizo ilikuwa madini. Moja hutolewa na aliye chini kwenda juu, kwa hiari au kwa kiapo. Nyingine hudaiwa na mwenye haki, awe anapendwa au anachukiwa.

Hakuna mtu aliyezionja pande zote mbili kwa uchungu kama Thomas Percy, lodi wa Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa ameruhusu mafundi wa Kijerumani kuchimba shaba karibu na Keswick, ndani ya ardhi ya Percy. Percy akasema ardhi ni yake na shaba ni yake, akawazuia wasiondoe mawe. Shauri likafika mbele ya majaji mwaka 1568, na mpaka leo wanasheria huliita Kesi ya Migodi. Majaji waliamua kwamba dhahabu na fedha zilizo ardhini ni za mfalme hata kama ardhi ina mwenyewe. Wengi wao wakaongeza kwamba shaba iliyochanganyika na dhahabu au fedha nayo ni ya mfalme. Msomaji wa Kahama asishangae akihisi amewahi kuisikia habari hii. Mwaka 2017, makontena 277 yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam, ubishi ulikuwa juu ya mchanga wa shaba wenye dhahabu ndani, na swali lilikuwa lilelile la Keswick: kilichofichika ndani ya shaba ni cha nani, na nani anajua ni kiasi gani? Percy alishindwa. Mwaka uliofuata alijiunga na uasi wa watu wa kaskazini dhidi ya Malkia, uasi uliosukumwa zaidi na dini, na Agosti 1572 akakatwa kichwa mjini York. Shauri la kwanza lilihusu "royalty", likamgharimu shaba. La pili lilihusu "loyalty", likamgharimu kichwa.

Shinyanga nayo ina mfano wake, tena unaong'aa. Mwaka 1947, Mwadui, kwenye mgodi wa Mkanada John Williamson, iliokotwa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson aliitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth, aliyefunga ndoa mwaka huohuo. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua, ambayo Elizabeth aliivaa mara nyingi baada ya kuwa Malkia. Hapa maneno yetu yanakutana tena, maana "royalty" kwa Kiingereza ni pia jina la watu wa ukoo wa kifalme. Mkanada yule alikuwa raia wa himaya, akatoa kwa utii. Hiyo ni "loyalty" iliyopelekwa kwa "royalty", na hakuna sheria iliyomlazimisha kuipeleka. Mrabaha ni habari nyingine kabisa. Haufungwi utepe wala haungoji harusi, na asiyeulipa hajakosa adabu, amevunja sheria.

Atauliza mtu: sisi tulikwisha achana na wafalme, neno la kifalme linatuhusu nini? Tanganyika ikawa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, na siku tano baadaye Umoja wa Mataifa ukapitisha azimio namba 1803 kuhusu mamlaka ya kudumu ya mataifa juu ya maliasili zao. Kiti cha mfalme kiliondoka, haki ikabaki, ikahamia kwa wananchi. Sheria zetu za mwaka 2017 zinatamka kwamba maliasili ni mali ya Watanzania na Rais anazishika kwa niaba yao. Kwa hiyo mwenye "royalty" leo ni mkazi wa Segese, pamoja na wenzake wa Pemba na Mtwara ambao hawajawahi kuuona mgodi.

Mwingine atasema tuachane na Kiingereza, tuseme mrabaha, yaishe. Naliunga mkono neno mrabaha, ila nalo lina mtego wake. Asili yake ni Kiarabu, kwenye shina la neno faida, na wengi hudhani kwamba mrabaha hulipwa kampuni ikipata faida tu. Sivyo. Faida ina kodi yake, kodi ya mapato ya kampuni. Mrabaha hutozwa kwenye thamani ya madini yenyewe, kampuni ipate faida au hasara. Sheria ya 1998 iliweka asilimia 3 kwa dhahabu, lakini baada ya kuondoa gharama kama za usafirishaji na uyeyushaji. Ile ya 2010 ikapandisha hadi asilimia 4 na kuhesabu thamani ghafi, na marekebisho ya 2017 yakafikisha asilimia 6. Kwa maoni yangu badiliko la 2010 lilikuwa zito kuliko yote, japo halikupigiwa kelele, kwa sababu lilimtoa mwenye mali kwenye daftari la gharama za mchimbaji. Wachimbaji wadogo wanaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Kwenye rashi, yaani machimbo yaliyokimbiliwa na wachimbaji wadogo, mwenye shamba hupewa mifuko yake ya mawe duarani, palepale shimoni, kabla mwenye duara hajatoa gharama za magogo, chakula na karasha ya kusaga mawe, na hakuna anayesema amefanyiwa hisani.

Pingamizi zito zaidi ni la utu: kampuni ikijenga darasa au zahanati, tusiseme asante? Tuseme, adabu haigharimu kitu. Lakini tujue tunashukuru nini. Tangu 2017 sheria inamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa kuchangia huduma za jamii na kuukubaliana na halmashauri, kwa hiyo hata darasa lile ni wajibu. Hatari ya kuchanganya maneno haya iko hapo. Anayeamini amepewa zawadi hujipanga kupiga makofi na kuonyesha utii. Anayejua amelipwa haki yake huomba hesabu. Nimeona mabango mengi ya shukrani, mabango ya hesabu ni haba.

Turudi kwenye bei. Tuseme mchimbaji mdogo amepeleka sokoni gramu 10, na kila gramu imenunuliwa kwa shilingi 300,000. Jumla ni shilingi 3,000,000. Kwa viwango vya 2017, mrabaha wa asilimia 6 ni 180,000, ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ni 30,000, na ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ni 9,000. Zile 180,000 zinakwenda Hazina. Halmashauri inabaki na 9,000. Bei ikipanda vyote hupanda, lakini uwiano haubadiliki, na mwenye malalamiko kuhusu barabara ya Segese ajue kwanza ni fungu lipi anapaswa kuliuliza kwa diwani na lipi kwa mbunge. Makatibu wa vijiji wanaoandika mihtasari ya mikutano nawaomba waandike mrabaha kwa jina lake na ushuru wa huduma kwa jina lake, kila kimoja kwenye mstari wake na kiasi chake cha shilingi, na neno "loyalty" waliachie wanaoapishwa.