Takwimu za tembo zikihama, saa zisipotee njiani

(Mazungumzo ya redio ya juma hili)

Ndugu msikilizaji, katika nyika za Laikipia na Samburu, kaskazini ya Kenya, wako tembo wanaotembea na ukanda mpana shingoni. Wataalamu huuita kola. Ndani ya kola mna betri na chombo kidogo kinachopokea mawimbi ya satelaiti za GPS. Kila baada ya muda uliopangwa, tuseme saa moja, chombo hicho huandika mambo mawili makubwa: tembo yuko wapi, na ni saa ngapi. Kola ikiandika kila saa, kwa mwaka mmoja tembo mmoja huacha mistari 8,760 ya maandishi. Huo ndio wasifu wake: alikolala, alikokunywa maji, mahali alipopita taratibu na mahali alipokimbia.

Lakini wasifu huo haukai mahali pamoja. Kampuni iliyotengeneza kola ina programu yake ya kompyuta ya kupokelea habari. Mtafiti anataka kuzihamishia Movebank, hazina ya takwimu za mienendo ya wanyama inayosimamiwa na taasisi ya Max Planck ya Ujerumani. Mkuu wa hifadhi anazitaka ndani ya EarthRanger, programu inayomwonyesha kwenye ramani wanyama wako wapi na askari wako wapi. Mwanafunzi wa chuo kikuu anazitaka kwenye R, programu ya hesabu za takwimu. Basi wasifu wa tembo husafirishwa kutoka programu moja hadi nyingine, na leo nataka tuitazame safari hiyo. Nitaeleza kwa nini mkulima na askari wa wanyamapori, ambao huenda hawajawahi kuzigusa programu hizo, wana haja ya kujua linalotokea njiani.

Safari yenyewe ni rahisi kuieleza. Programu ya kwanza huandika faili la maandishi matupu. Kila mstari ni tukio moja, na kila mstari umegawanywa katika safu: namba ya kola, tarehe, saa, latitudo, longitudo, pengine na joto. Programu ya pili hulipokea faili hilo na kumwuliza mwenyewe: safu hii ni ya nini? Na hii? Akimaliza kujibu, anabonyeza, na maelfu ya mistari huingia kwa dakika chache.

Hatari iko katika majibu hayo. Kompyuta hupokea tarakimu, haipokei maana yake. Ikiona 17:00 haijui kama ni saa za Nairobi au za London mpaka iambiwe. Isipoambiwa, mara nyingi hukisia, na ikikisia vibaya haipigi kelele.

Tuanze na saa. Ninyi mnaosikiliza redio za masafa mafupi mmezoea mtangazaji akisema ni saa kumi na tano GMT, nanyi mkajua hapo hapo kwamba kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Satelaiti za GPS nazo hazijui Nairobi wala Dar es Salaam. Kola nyingi huandika saa ya ulimwengu, inayofupishwa UTC, ambayo kwa matumizi yetu ni sawa na GMT. Afrika Mashariki tumetangulia kwa saa tatu. Movebank hutunza saa zake zote kwa UTC. Programu nyingine hubadilisha zenyewe ziwe saa za mahali kabla ya kutoa faili, nyingine hazibadilishi.

Sasa mchukue tembo aliyevunja uzio na kuingia katika shamba la mahindi saa mbili usiku. Kola imeandika 17:00. Aliyehamisha takwimu akidhani hizo ni saa za Kenya, grafu itaonyesha kwamba tembo huyo huingia shambani saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linawaka. Mkuu wa kikosi akipanga doria kwa kuifuata grafu hiyo, atawaweka askari wake shambani kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja usiku. Watarudi kambini saa nzima kabla tembo hajafika. Mkulima atasema askari hawafanyi kazi, askari watasema mkulima anatia chumvi. Wote wawili wanasema wanachokijua, na kosa limelala ndani ya faili.

Kuna na daftari. Mara nyingi takwimu za kola huunganishwa na maandishi ya askari au msaidizi wa utafiti aliyemwona mnyama kwa macho: alikuwa analisha, amelala, amejikusanya na wenzake kwa hofu. Kola husema mnyama alikuwa wapi, na daftari husema alikuwa anafanya nini. Lakini askari wetu akiandika "saa 2", anasema Kiswahili sanifu kabisa, na anaweza kuwa na maana ya saa mbili asubuhi. Kompyuta itasoma 2:00, yaani kwetu saa nane usiku. Hapo tumepotea kwa saa sita.

Msikilizaji anaweza kuuliza: saa tatu ni kitu gani kwa utafiti wa miaka? Hebu tuchukue mfano wa kweli. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Mkenya Festus Ihwagi, wa shirika la Save the Elephants, uliotumia takwimu za kola za tembo 60 wa Laikipia na Samburu. Walilinganisha kasi ya tembo usiku na kasi yake mchana. Palipokuwa na ujangili mwingi, uwiano huo ulipanda: tembo walihamishia sehemu kubwa zaidi ya mwendo wao gizani. Kwa maneno mengine, mwendo wa tembo unaweza kututahadharisha kwamba mahali fulani majangili wameingia.

Tazama jinsi hoja hiyo nzima ilivyosimama juu ya saa. Karibu na ikweta jua huchomoza na kuchwa mnamo saa kumi na mbili mwaka mzima. Mtu akizisoma saa za UTC kama za Kenya, anachokiita usiku kitakuwa kwa kweli ni kuanzia saa tatu usiku hadi saa tatu asubuhi. Saa tatu za jioni zimetupwa kwenye mchana, na saa tatu za asubuhi zimetiwa kwenye usiku. Saa 6 kati ya 24, robo nzima ya siku, haziko mahali pake. Kipimo cha hofu ya tembo kingeweza kutuambia wanyama wametulia wakati wanakimbia kuokoa maisha.

Tarehe nazo zina mtego wake. Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi. Wamarekani huanza na mwezi. Andika 07/04 ukiwa na maana ya tarehe 7 Aprili, na programu iliyopangwa kwa desturi ya Marekani itasoma tarehe 4 Julai. Aprili ni masika, tembo hutawanyika kwa kuwa maji yako kila mahali. Julai ni kiangazi, hukusanyika karibu na mito kama Ewaso Nyiro. Na lililo baya zaidi ni hili: 13/04 haiwezi kugeuzwa, kwa maana hakuna mwezi wa 13. Basi programu huzigeuza siku 12 za mwanzo wa kila mwezi na kuziacha au kuzikataa zilizobaki. Faili linaonekana zima, kumbe limechanwa vipande.

Kisha mahali. Kusini ya ikweta latitudo huandikwa kwa alama ya kutoa mbele yake. Alama hiyo ikidondoka njiani, tembo wa Ruaha, Tanzania, atajikuta kusini-magharibi mwa Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,600 kutoka kwao. Ukibadilisha safu ya latitudo na ya longitudo, tembo wa Samburu ataogelea katika bahari ya Mediterania. Na pale kola iliposhindwa kupata satelaiti, baadhi ya programu huandika sifuri kwa sifuri, na hapo ni katikati ya Ghuba ya Guinea.

Makosa hayo yanachekesha, na kwa sababu yanachekesha si ya kuogopa sana. Yeyote akifungua ramani atayaona. Kosa kubwa hujitangaza lenyewe. La kuogopwa ni dogo linalofanana na ukweli. Ramani za zamani za serikali za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa kipimo cha dunia kiitwacho Arc 1960, na GPS hutumia kipimo kingine kiitwacho WGS84. Ukichanganya viwili hivi bila kubadilisha, kila alama husogea kama mita 300. Tembo bado yuko Laikipia, bado yuko karibu na mto, ramani inapendeza. Ila sasa ameonekana upande wa pili wa uzio, ndani ya shamba la mtu ambalo hakulikanyaga. Palipo na madai ya fidia, mita 300 ni kesi nzima.

Jambo la nne ni tofauti ya sifuri na nafasi tupu. Kasi ikiwa sifuri, tembo amesimama. Nafasi ikiwa tupu, kola haikuleta habari. Ni mambo mawili yasiyo na undugu, lakini zipo programu zinazojaza nafasi tupu kwa sifuri, na zipo nyingine zinazoandika namba ya ajabu kama -999 ili kusema hakuna kitu. Programu inayopokea isipojulishwa, itahesabu kwamba tembo alilala siku nzima, au kwamba alitembea kinyumenyume kwa kasi ya ndege.

La tano na la mwisho: kola si tembo. Kola hufungwa, hufunguliwa, hutiwa betri mpya, na pengine hufungwa mnyama mwingine. Ndiyo maana Movebank hutenganisha chombo, mnyama, na kipindi ambacho chombo kilikuwa shingoni mwa mnyama huyo. Usipoandika siku kola ilipofungwa na siku ilipofunguliwa, wasifu wa tembo wawili utashonwa kuwa mmoja. Tena kola huanza kuandika tangu inapowashwa. Kwa hiyo utamwona tembo akilala ofisini mjini, kisha akienda Samburu kwa barabara ya lami kwa kilomita 80 kwa saa. Huyo si tembo, ni Land Rover iliyobeba kola.

Sasa tufanyeje? Dawa yake haihitaji fedha nyingi, inahitaji subira. Kwanza, faili la asili lisiguswe kamwe. Fanya kazi kwenye nakala. Pili, usihamishe mlima wote kwa siku moja. Chukua siku chache za mnyama mmoja, uzihamishe, uzitazame. Tatu, hesabu mistari iliyotoka na mistari iliyoingia. Zikipishana, uliza kwa nini. Nne, chora kwenye ramani. Tano, tafuta shahidi: tukio moja ambalo mtu alilishuhudia kwa macho, kama siku na saa tembo alipofungwa kola mbele ya daktari wa wanyama. Kama programu mpya inasema saa ile tembo alikuwa mahali pengine, simama hapo hapo. Na alama inayotiliwa shaka isifutwe, bali itiwe alama ya kuonyesha shaka, ili mwingine aweze kuipima tena.

La sita ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Andika karatasi ya maelezo isafiri pamoja na faili: saa hizi ni za wapi, tarehe zimeandikwa kwa mpango gani, mahali pamepimwa kwa kipimo kipi, nafasi tupu ina maana gani, kola ilikuwa kwa mnyama yupi tangu lini hadi lini. Mambo haya yote yumo mtu anayeyajua leo. Lakini mtu huhamishwa kituo, hustaafu, hufariki, na programu aliyoitumia huachwa ikatoka nyingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanazungumzia biashara, lakini mali yetu ya miaka mingi ya nyayo za tembo inapotea kwa njia hiyo hiyo.

Ndugu msikilizaji, habari hizi hupatikana kwa gharama. Kumfunga tembo mmoja kola ni lazima apigwe sindano ya usingizi, na watu wahatarishe maisha yao, na mnyama naye ahatarishe yake. Baada ya taabu yote hiyo, ukweli haufai kupotea mezani kwa sababu mtu aliona uvivu kuandika kwamba saa hizi ni za UTC. Mwenye kuulinda wasifu huo si yule aliye porini na bunduki peke yake. Ni pamoja na kijana aliyeketi mbele ya kompyuta, ambaye kabla ya kubonyeza anajiuliza: hii saa mbili, ni ya asubuhi au ya usiku, na ni ya nani?