Mtoto Mwenye Mdomo Sungura: Asifichwe, Aletwe



Wazee wetu walituachia neno hili: Hujafa hujaumbika. Kwa desturi neno hilo hutumika kumwonya yule anayemcheka kilema, kwamba naye hajui mwisho wake. Leo yafaa tulitazame kwa upande wa pili. Maana kama mtu hamalizi kuumbwa mpaka afe, basi na mtoto aliyezaliwa na uso usiotimia kazi yake haijakwisha. Nafasi ya kumtimiza ingalipo. Habari tunayowaletea ni ya watoto hao waliozaliwa na mdomo uliopasuka, ambao watu huuita mdomo sungura, na ya waganga wanaoushona.

Fikirini mama mmoja wa kisiwa cha Ukerewe. Amejifungua salama, mkunga amemwosha mtoto, walakini hapana apigaye vigelegele. Mdomo wa juu wa mtoto umepasuka mpaka kwenye tundu la pua. Mavyaa yake anatazama pembeni. Jirani mmoja ananong'ona kwamba ni laana. Wa pili asema mama alimcheka kilema alipokuwa mja mzito. Wa tatu amtaja mchawi kwa jina. Basi mama anamfunika mtoto khanga usoni, na tangu siku ile hamtoi nje, wala kanisani, wala kliniki kupimwa uzito. Mtoto akinyonya, maziwa yanamtokea puani. Mwezi unapokwisha amekonda, na akifa watu watasema: Tulijua. Lakini hakuuawa na mdomo wake. Ameuawa na njaa, na njaa hiyo ililetwa na aibu.

Sasa kila mmoja wenu aweke kidole chini ya pua yake, juu ya mdomo. Atakuta mfereji mdogo, wenye kingo mbili, moja kuume na moja kushoto. Kingo hizo ni alama za mahali nyama za uso zilipokutana na kushikana tulipokuwa tumboni mwa mama zetu. Uso wa mwanadamu hauanzi ukiwa kitu kimoja. Huanza kwa vipande vinavyokua kutoka pembeni na kutoka juu, vikielekeana mpaka vigusane na kuungana. Mdomo hufungika kati ya juma la 4 na la 7 la mimba. Kaakaa, yaani dari ya kinywa, hufungika kati ya juma la 6 na la 9. Kipande kimoja kikichelewa, pengo hubaki. Tazameni basi: jambo hili hutukia wakati ambapo mama wengi hawajajua bado kwamba wana mimba. Alicheka lini huyo mama, na alimcheka nani?

Tena msidhani kwamba ni ajabu iliyofika kwenu peke yenu. Ulimwenguni kote, karibu mtoto mmoja katika kila 700 huzaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka. Katika Afrika hesabu ni ndogo kuliko katika Asia, lakini haikosekani katika taifa lo lote wala katika kabila lo lote. Pale mlimani Bugando, mjini Mwanza, katika hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1971, Dokta Mange Manyama na wenzake walipekua majalada ya miaka mitano wakawahesabu watoto wa namna hii waliofika. Wakapata 240, na habari zao zikachapishwa mwaka 2011. Wengi walikuwa wamepasuka mdomo tu. Waliofuata kwa karibu ni wale waliopasuka mdomo pamoja na kaakaa. Katika kila 100, karibu 44 walipasuka upande wa kushoto, karibu 29 upande wa kulia, na 18 pande zote mbili. Ikiwa ni kazi ya wachawi, mbona wachawi wa nchi nzima wapendelee upande wa kushoto? Na zaidi ya hayo, waganga wa Ulaya na Asia nao wameona kwamba upande wa kushoto ndio unaopasuka zaidi. Jambo lenye taratibu moja katika dunia yote si laana ya jirani.

Sababu zake zi nyingi, na mara nyingi hazionekani katika mtoto mmoja mmoja. Nyingine ni za urithi, maana huonekana zaidi katika jamaa fulani. Nyingine hutokana na mambo yanayompata mama siku za kwanza za mimba: uvutaji wa tumbaku, ugonjwa wa kisukari, na dawa fulani za kifafa. Kwa hiyo mwanamke anayetumia dawa za kifafa, akitazamia kupata mtoto, na aseme na daktari wake mapema. Wala asiziache kwa shauri lake mwenyewe, maana kifafa nacho ni hatari kwa mama na mimba.

Ufundi wa kuutengeneza uso huitwa upasuaji wa plastiki, na jina hili limewapoteza wengi. Wapo waliokataa kumpeleka mtoto wakidhani atatiwa plastiki, kama ile ya ndoo na mabakuli. Sivyo hata kidogo. Neno hilo limetoka katika Kiyunani, nalo ni la kazi ya mfinyanzi, kufinyanga na kutia umbo. Lilikuwako kabla ya ndoo hizo. Mganga huyu hufinyanga, na udongo wake ni nyama ya mgonjwa mwenyewe.

Ni ufundi wa zamani. Katika vitabu vya tarehe vya China imeandikwa habari ya kijana wa karne ya 4, jina lake Wei Yongzhi, aliyezaliwa na mdomo huu. Na Wachina nao waliufananisha na wa sungura, kama sisi. Alipokuwa na miaka 18 alisikia kwamba liwali mmoja anaye tabibu awezaye kuuponya. Akamwendea. Tabibu akamwambia kwamba aweza kuukata na kuuunga, lakini siku 100 atakunywa uji tu, asiseme wala asicheke. Kijana akajibu kwamba hata kama angeambiwa anyamaze nusu ya maisha yake angekubali, sembuse siku 100. Akashonwa, akapona, na baadaye akawa liwali yeye mwenyewe.

Walakini kwa karne nyingi kazi hii ilikuwa ya mafundi wachache. Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ndivyo vilivyoikuza, kwa kuwa askari wengi walirudi na nyuso zilizovunjwa na mizinga. Mwaka 1917 ilifunguliwa hospitali kwa ajili yao huko Sidcup, karibu na London, na Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, akawatengeneza huko kwa maelfu. Katika vita vya pili ndugu yake Archibald McIndoe aliwashughulikia marubani walioungua moto. Na kwa mkono wa McIndoe ufundi huu ulitukaribia sisi, maana mwanafunzi wake mmoja, Michael Wood, alikuja kufanya kazi Nairobi. Wood aliona kwamba wagonjwa wa vijijini hawawezi kumfikia. Basi akajifunza kuendesha ndege ili awafikie yeye. Mwaka 1957 yeye, na McIndoe, na Mmarekani Tom Rees walianzisha chama cha madaktari waendao kwa ndege, ambacho leo chaitwa Amref. Hivyo chama kinachojulikana Afrika Mashariki yote kilianzishwa na mafundi watatu wa nyuso.

Sasa kazi yenyewe hufanywaje? Wengi hudhani kwamba mganga huzivuta kingo mbili na kuzishona, kama mvuvi ashonavyo wavu uliochanika. Zamani baadhi walifanya hivyo, na mdomo ukapona ukiwa mfupi, umevutwa juu. Maana wavu uliochanika ulikuwa mzima kwanza, lakini mdomo huu haukuungana tangu mwanzo. Nyama ya kila upande imeshikamana mahali pasipo pake. Mmarekani Ralph Millard, aliyekuwa Korea pamoja na askari wa nchi yake, aliwaeleza waganga wenzake njia iliyo bora katika mkutano wa Stockholm mwaka 1955. Upande wa kati, ulio juu mno, hukatwa kidogo na kuzungushwa ushuke mahali pake. Kwa kushuka huacha nafasi. Na kipande cha upande wa pili husogezwa kuijaza nafasi hiyo. Kisha hushonwa kwa tabaka: kwanza utando wa ndani, halafu msuli, mwisho ngozi. Msuli ndio shina la kazi. Ukiungwa sawasawa, mtoto ataweza kunyonya, kupiga mluzi na kucheka. Kovu hufuata mstari wa ule mfereji mliougusa kwa kidole, na baada ya miezi mingi hufifia.

Mtoto hulazwa usingizi wa dawa, asisikie maumivu. Kwa sababu ya usingizi huo waganga wengi hufuata kanuni ya makumi matatu: mtoto awe na majuma 10, uzito wa ratili 10, yaani kilo nne na nusu hivi, na damu isiyopungua kipimo cha 10. Kaakaa hungojewa zaidi, kwa kawaida mpaka mtoto awe na miezi 9 hata 18, lakini lisicheleweshwe kupita hapo pasipo sababu, kwa ajili ya usemi. Herufi b na p zahitaji pumzi ijae kinywani. Kaakaa likiwa wazi, pumzi hupotea puani, na mtoto akitaka kusema baba husikika kama asemaye mama. Akizoea hivyo miaka mingi, ulimi huwa mgumu kufundishika. Hata hivyo, aliyechelewa asikate tamaa. Watu wazima nao hushonwa.

Basi mnaona jinsi kisu kinavyongojea mizani. Mtoto asiyefika kilo nne na nusu hatapelekwa mezani, na hapo kazi yote i mikononi mwa mama na nyumba yake. Aliyepasuka mdomo tu mara nyingi aweza kunyonya titi, likiwekwa vizuri kuliziba pengo. Aliyepasuka kaakaa hawezi kuvuta, hata akijitahidi siku nzima. Huchoka akalala na njaa, na watu hudhani ameshiba. Huyu mama amkamulie maziwa yake katika kikombe safi, ampakate kichwa kikiwa juu, amnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko au kwa ukingo wa kikombe, kisha amcheulishe. Asinyweshwe akiwa amelala chali. Akipimwa uzito kila mara, itajulikana kama anaongezeka. Baba naye asiseme ni kazi ya wanawake. Kumlisha mtoto huyu huchukua saa nyingi, na mama peke yake hatoshi.

Elimu hii haijakoma. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mwingine ambao huyo huyo Dokta Manyama alishiriki pamoja na wenzake wa ng'ambo. Watoto 3,505 wa Mwanza, wazima wasio na kasoro, walipigwa picha zinazopima uso kwa urefu, upana na kina, na urithi wao ukachunguzwa. Zikaonekana sehemu mbili za urithi zinazohusiana na ukubwa na umbo la uso. Kwa nini kuwapima watoto wazima? Kwa kuwa asiyejua jinsi nyumba inavyojengwa hataweza kueleza kwa nini ukuta mmoja uliacha ufa. Nyuso za watoto wetu zimekuwa kitabu wanachosoma wataalamu wa dunia nzima.

Basi twawasihi wenye nyumba na waalimu mambo haya. Kwanza, mtoto wa namna hii akizaliwa kijijini kwenu, mwende siku ile ile kumpongeza mama, kama mfanyavyo kwa wengine; pongezi hiyo yaweza kuwa dawa yake ya kwanza. Pili, apelekwe mapema zahanati, apate barua ya kwenda hospitali kubwa. Wala msingoje kilo zitimie, maana shauri la kumlisha latakiwa tangu siku ya kwanza. Tatu, msizuiwe na hofu ya gharama kabla ya kuuliza. Liko shirika liitwalo Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, ambalo hulipia upasuaji huu katika hospitali nyingi, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazosaidiwa. Nne, safari nayo imepungua uzito: tangu Juni 2025 watu wa Sengerema na Geita huvuka Kigongo na Busisi kwa daraja, wasingoje tena kivuko. Wa visiwani bado hutegemea meli na mashua. Hao nauli yao yafaa ichangwe na jamaa na majirani.

Nanyi waalimu, akija darasani mtoto mwenye kovu mdomoni au asemaye puani, asikalishwe nyuma. Jina lake na liitwe lile alilopewa na wazazi wake, wala msiruhusu aitwe Sungura, hata kwa mchezo. Akisema neno vibaya, asirudiwe kwa kicheko, bali kwa utaratibu, mara moja na mara ya pili. Na mkijua kwamba yuko mdogo wake au jirani yake aliyefichwa nyumbani, msinyamaze. Nendeni mkaufunue ule mlango kwa upole.

Yule mama wa Ukerewe tuliyemfikiria, yuko katika vijiji vingi vya ufuko huu. Khanga ile aliyomfunika mtoto usoni, na aitumie kumbebea mgongoni mpaka Bugando.