Je, Wajua? Kifafa na kemikali za ubongo

Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali. Glutameti huzichochea, gaba huzituliza. Uwiano huo ukivurugika, seli nyingi huchachamaa kwa pamoja, na mtu huanguka kwa degedege au hupotewa na fahamu kwa muda mfupi. Hali hiyo ikijirudia-rudia ndiyo kifafa.

Nchini Tanzania, kusini mwa mji wa Kidatu, ng'ambo ya mto Kilombero, kifafa kimeenea sana Mahenge. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki huko mwaka 1960. Aliwatibu wagonjwa, wengi wao wakiwa wametengwa bure na jamii, kwa fenobabitali, dawa ya bei nafuu inayoipa gaba nguvu.

Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala povu. Anayeanguka asikimbiwe, alazwe ubavu.