Wembe kwenye kidonge cha saa kumi na mbili

Katoro, Nyarugusu, Kakola, popote penye machimbo na duka la dawa, kidonge cha presha hukatwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa mkasi. Mteja anaingia na vumbi la karasha, mashine ya kuponda mawe, mabegani, anasema, "Dokta, nipe vile vya presha, vya buku tu." Muuzaji, ambaye wote humwita dokta hata kama si daktari, anachukua karatasi ya vidonge kumi, anakata kipande chenye vinne, anakitia kwenye bahasha na kuandika 1x2. Jina la dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi na herufi mbili tatu zilizoandikwa baada ya jina vinabaki kwenye kipande kinachorudi kabatini.

Mara ya pili ni nyumbani, kwa wembe. Vinne vinakuwa vinane.

Sioni ajabu. Machimboni hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi: duara, yaani shimo la kuchimbia, likitema, mtu ananunua dozi nzima na soda juu, lisipotema, anaishi kwa kukopa. Isitoshe, kuvunja kidonge tumefundishwa na huduma za afya zenyewe. Watoto wa shule wanapopewa dawa ya kichocho, ugonjwa uliozoeleka Kanda ya Ziwa, husimamishwa kwenye mti wenye alama za urefu. Mwenye sentimita kati ya 110 na 125 hupewa kidonge kimoja na nusu cha prazikwanteli ya miligramu 600. Mtoto wa chini ya miezi sita anayeharisha hupewa nusu ya kidonge cha zinki cha miligramu 20. Hapo hakuna kosa lolote, kwa sababu vidonge hivyo ni dawa ileile kuanzia ukingo hadi ukingo, na nusu yake ni nusu kweli.

Balaa linaanza kwenye zile herufi zilizobaki dukani: SR, XR, ER, CR, MR, XL, LA, au neno Retard. Zote zinasema jambo moja kwa namna mbalimbali, kwamba kidonge kimetengenezwa kiachie dawa polepole, kwa saa kumi na mbili au ishirini na nne. Anayenunua kidonge cha namna hii ananunua dawa pamoja na saa. Wembe unamwachia dawa na kumnyang'anya saa.

Mbinu za viwandani ni nyingi. Metformini SR ya kisukari, kwa mfano, mara nyingi huchanganywa na unga maalumu unaovimba ukipata maji. Tumbukiza kimoja kwenye glasi ya maji ukiache: kitajivika ute mzito kama mlenda, na dawa itakuwa ikipenya katika ute huo kidogo kidogo. Kidonge kikisagwa, hakuna tena donge la kuvaa ute. Kuna vidonge vingine vyenye ganda gumu lililotobolewa tundu dogo kwa leza. Maji huingia kupitia ganda na kuisukuma dawa itoke tunduni. Ganda lenyewe haliyeyuki, hutoka chooni likiwa zima, na wagonjwa wengi hushtuka wakidhani dawa haikufanya kazi. Ilifanya.

Twende kwenye nifedipini ya miligramu 20, dawa ya presha iliyoenea sana kwetu katika umbo la Retard, asubuhi kimoja na jioni kimoja. Nifedipini peke yake haikai mwilini: kila baada ya saa mbili hivi, nusu ya iliyomo kwenye damu huwa imeondoka. Ufundi wa kidonge ndio unaoinyoosha ifike jioni. Ukikisaga au kukitafuna, kilichokusudiwa kwa saa kumi na mbili kinaingia kwa mkupuo. Uso unapata joto, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, macho yanaingia giza ukisimama ghafla. Kwa mtu anayeshuka duarani kwa kamba, dakika moja ya kizunguzungu inatosha kuleta msiba. Alasiri dawa imekwisha, presha imepanda tena, naye hana dalili yoyote ya kumwambia hivyo.

Kinachonisumbua zaidi ni anavyoamua baada ya hapo. Anasema, "Dawa hii ni kali," kisha anakata vipande vidogo zaidi. Akienda kliniki asubuhi akiwa amemeza kipande chake saa moja kabla, kipimo kinasoma vizuri na anasifiwa. Akienda mchana kinasoma vibaya, anaongezewa dawa ya pili. Wembe hautajwi, kwa kuwa hakuna aliyeuulizia.

Hatari ya nifedipini inayoingia kwa kasi si dhana. Kwa miaka mingi madaktari duniani walikuwa wakimpa mgonjwa mwenye presha ya juu sana kapsuli yake aitoboe kwa meno ili presha ishuke haraka. Mwaka 1996 Ehud Grossman, Franz Messerli na wenzao waliandika katika JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani, wakitaka desturi hiyo isimame. Walionyesha taarifa za wagonjwa waliopata kiharusi, mshtuko wa moyo, hata kufa, kwa sababu presha ilianguka ghafla mno.

Vighairi vipo, na ndivyo vinavyowachanganya watu. Gliklazidi MR ya kisukari ya miligramu 60 yenye mstari katikati imetengenezwa ikatike nusu, ila isisagwe wala kutafunwa. Metoprololi ya muda mrefu, dawa ya presha, nayo mara nyingi ni hivyo hivyo. Lakini mstari peke yake si ruhusa. Kiwanda kimoja huweka mstari wa kukatia, kingine huweka wa mapambo, na maelezo yaliyomo kwenye boksi ndiyo yanayoamua. Ndiyo maana mteja wa vidonge vinne ana haki ya kudai jina lote liandikwe kwenye bahasha, na herufi zake.

Diklofenaki SR ya miligramu 100, kimbilio la wenye migongo inayouma kwa kuponda mawe, nayo si ya kukata. Omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo, ni kisa kingine kabisa: chembe zake zimevikwa ngozi ya kuzikinga na asidi ya tumbo, ukizisaga dawa inaharibika kabla ya kufika utumbo.

Kwa mwenye presha ambaye fedha hazitoshi, ipo njia nafuu kuliko wembe. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu kwa asili yake, si kwa ufundi wa kidonge. Kidonge cha kawaida cha miligramu 10 kikigawanywa sawasawa ni dozi mbili halali za miligramu 5, kila moja ikitosha siku nzima. Kubadilishiwa ni uamuzi wa daktari au tabibu, lakini ombi linaweza kutoka kwa mgonjwa: "Ninavikata kwa sababu sivimudu. Kuna dawa nyingine?"

Wazee waliopata kiharusi, wanaomeza kwa shida, hupondewa dawa zote pamoja kwenye uji. Kabla ya kuponda, mpelekee mhudumu wa zahanati vidonge vyote vikiwa kwenye karatasi zake, akutengee vya SR. Metformini ya kawaida inaweza kupondwa badala ya ile ya muda mrefu. Ni chungu, na mzee atalazimika kuinywa mara mbili au tatu kwa siku badala ya moja.